Herufi Nne za Kumuoa Elizabeth

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Kyela, kwenye kibaraza cha duka la Ridhwani, hatua tatu kutoka meza yangu ya ufundi baiskeli. Kina benchi mbili na birika la Husseini, na kina wataalamu wa mambo yote isipokuwa yale wanayolipwa kuyafanya. Hapa bei ya kokoa hupangwa upya kila siku, na mnunuzi wa kokoa hana habari. Hapa timu ya taifa haijawahi kufungwa, maana makocha ni sisi. Ijumaa hiyo mchana, watu wakiwa wametoka msikitini na mvua imekatika kidogo, tulikuwa na kazi nzito kupita zote. Tulikuwa tunamfundisha Asajile Kiingereza ili apate mke.

Asajile ni kijana wa Ipyana, mpole, anaendesha mashine ya kukoboa mpunga. Mchumba wake anaitwa Elizabeth, wa Karonga, Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe. Walikutana mashineni alipokuja kununua mchele, na tangu siku hiyo kijana akawa haongei na simu, anacheka nayo. Shida ni baba wa binti, mwalimu mkuu mstaafu. Mzee huyo ana mgeni mwingine mezani: mtu wa benki kutoka Lilongwe, mwenye gari. Elizabeth alipiga simu Jumanne, akasema: "Baba atakusikiliza Jumamosi, mara moja tu, halafu anaamua. Njoo na barua, uisome mwenyewe." Asajile akakosea njia, badala ya kwenda na habari hiyo nyumbani, akaja nayo kijiweni.

Hapo ndipo Sylvester, tunayemwita Profesa, alipojitolea. Profesa anajazia watu fomu pale mpakani Kasumulu, kwa hiyo Kiingereza chake ni cha jina, tarehe na madhumuni ya safari. Alikaa na karatasi siku mbili, akatoka na barua ya ukurasa mmoja. Kwa jinsi alivyoishika kwa vidole viwili, ungedhani ni hati ya uhuru.

Profesa: Simama, kijana. Kifua mbele. Sehemu ile ngumu, anza.

Asajile: "Dhofu ai kamu furomu afaa, ai hevu thofuti iti thrufu..."

Profesa: Hapo hapo! Unapuliza moto? Dho. Siyo dhofu.

Asajile: Jana si ulinifundisha hizi herufi nne, o, u, g na h, ni "afu"? Inafu. Tafu.

Profesa: Hiyo ni kwenye inafu. Huku ni dho.

Asajile: Herufi si ni zile zile?

Profesa: Zile zile.

Asajile: Kwa kupangana vile vile?

Profesa: Vile vile. We soma, usibishane na lugha ya watu.

Mzee Amon akaweka kikombe chini. Huyu tunamwita Mahakama, kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa baraza, na tangu baraza limwache yeye hajaliacha. Akaomba karatasi, akavaa miwani, akazihesabu hizo herufi kwa kijiti cha kiberiti. Kwenye sentensi mbili tu zilikuwemo mara saba, na Profesa akaambiwa azitamke kila zilipo. Akazitamka: though, dho. Thought, thoti. Through, thruu. Bought, boti. Though, dho tena. Tough, tafu. Enough, inafu.

Mahakama: Huyu shahidi mnamwamini?

Profesa: Shahidi gani, mzee?

Mahakama: Hizi herufi. Mtu mmoja, sura moja, anasimama mbele yangu mara saba, kila mara anatoa maelezo mengine. Mimi huyu ningemweka ndani.

Husseini akacheka huku anamimina. Husseini ni mtu wa mwambao kwa babu, Kyela kwa kuzaliwa, na anauza kahawa ambayo uchungu wake anauita ubora.

Husseini: Mimi najua sababu. Kule kwao kuna baridi. Asubuhi mdomo umeganda, unatoa dho. Jua likitoka kidogo, thruu. Mchana mtu ameshakunywa chai, anaweza kusema tafu vizuri kabisa.

Profesa: Husseini, mimina kahawa.

Husseini: Namimina, lakini nimeshakwambia. Kesho kijana aangalie saa kabla hajatamka.

Ridhwani alikuwa amesubiri zamu yake kwa uvumilivu wa mtu mwenye kibaraza. Yeye ndiye Bosi. Duka lake, benchi zake, na mashine anayoiendesha Asajile ni yake pia, jambo analolikumbusha kwa wasioulizia. Kiingereza cha Bosi kimetokana na mzungu mmoja aliyekuwa akinunua mchele dukani kwake. Anakijua chote, isipokuwa maana.

Bosi: Nyie mnahangaika bure. Hizo g na h ni wafanyakazi wa ofisini. Wamo kwenye orodha, viti wamekalia, ukipita unawaona, lakini sauti huisikii. Siku mkaguzi akija ndio wanajitokeza. Inafu! Mkaguzi akiondoka, wanarudi kulala.

Mahakama: Sasa kijana atajuaje kama mkaguzi amekuja?

Bosi: Hajui. Ndiyo maana watoto wetu wanafeli. Lugha imetengenezwa ili wafeli.

Hoja hiyo ilipita bila kupingwa, kama zinavyopita hoja zote za mwenye kibaraza.

Profesa: Tuendelee. Sentensi ya pili.

Asajile: "Dhe mili... dhe mili wichi ai..."

Akakohoa. Akaangalia ndala zake. Kila akifika hapo anakohoa, na sisi tukajua ni haya za mchumba. Bosi hakupenda.

Bosi: Kijana, hapo ndipo pa kusimama kiume! Mzungu wangu alikuwa analisema hilo neno kila siku. Boti! Ai boti!

Asajile: Bosi, labda tuliruke hili.

Bosi: Tuliruke? Ndilo neno lenye uzito kwenye barua nzima. Sema na mimi. Ai boti!

Asajile: Ai boti.

Bosi: Nguvu iko wapi? Umekula? Husseini, mpe kashata. Ai boti!

Asajile: Ai boti!

Bosi akampigia makofi. Profesa akainuka ghafla kwenda kuangalia kama mvua inarudi, ingawa mbingu ilikuwa inaonekana vizuri tu kutoka benchini. Mimi Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, nikapiga makofi pia.

Mahakama: Nimepata. Nimepata kabisa. Nani alichora mpaka?

Husseini: Mpaka gani tena?

Mahakama: Huu wa Songwe. Si walikuwa Waingereza na Wajerumani? Walikata mto, huku sisi, kule wao. Na mto wenyewe haukai. Mafuriko yakija unahama, mtu analala Njisi, huku kwetu, shamba lake linaamkia Malawi. Basi na hizo herufi ni hivyo hivyo. Zimekaa juu ya mpaka. Mto ukiwa huku, dho. Ukihama, tafu. Ndiyo maana wazee wa Karonga wanakijua Kiingereza kuliko sisi. Walipata upande wenye sauti. Sisi tukaachiwa herufi.

 Husseini akamwongezea Mahakama kikombe bila kuombwa. Profesa akarudi benchini, akasema nadharia hiyo inaweza kuwa na ukweli, maana mpakani amewahi kuona fomu yenye upande mmoja tu.

Bosi: Basi kesho Asajile asitamke hata moja mpaka avuke daraja.

Husseini: Na akivuka, aangalie saa.

Asajile akaketi, karatasi mkononi.  "Nikikosea atanicheka," akasema, "na Elizabeth atakuwepo anasikia." Sisi tulikuwa tunapanga kama avae miwani ya Mahakama ili aonekane msomi.

Wakati huo akatokea mama mmoja anatoka upande wa stendi, kikapu kichwani, kitenge kimelowa mpaka magotini. Alikuwa Marta, mama mdogo wa Asajile, mfinyanzi wa Ikombe. Alitoka huko alfajiri kwa mtumbwi mpaka Matema, kutoka Matema akapanda gari, na ndani ya kikapu alikuwa na vyungu vitatu vilivyofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Vilikuwa vya kumpelekea mama wa Elizabeth kesho. Ndiye mwanamke aliyechaguliwa na familia kumsindikiza kijana.

Asajile: Shikamoo, mama mdogo.

Marta: Marahaba, mwanangu. Mugonile, baba zangu.

Mahakama: Ndaga, mama. Kaa hapa. Umetukuta kazini.

Marta: Kazi gani hii yenye kashata?

Profesa: Tunamwandaa mtoto wako. Kesho anasoma barua kwa Kiingereza mbele ya mwalimu mkuu. Kiingereza cha hali ya juu.

Marta akakishusha kikapu taratibu, akakiegemeza ukutani, akakaa. Akakataa kahawa kwa mkono.

Marta: Huyo mzee alisema anataka Kiingereza?

Profesa akamtazama Bosi. Bosi akamtazama Mahakama. Mahakama, ambaye hajawahi kukosa maelezo tangu nimfahamu, akavua miwani akaanza kuifuta.

Asajile: Hapana, mama mdogo. Alisema tu niisome mwenyewe.

Marta: Aliyesema Kiingereza ni nani?

Profesa: Mama, ni mwalimu mkuu. Tena wa Malawi. Wale ni Kiingereza kutoka asubuhi.

Marta: Na Elizabeth mnaongeaga naye lugha gani kwenye simu?

Asajile: Kinyakyusa. Wao wanakiita Kingonde, kinapishana kidogo tu, tunasikilizana.

Marta: Na yeye nyumbani anaongea nini na baba yake?

Asajile: Hicho hicho.

Siku nne. Siku nne kijiwe kizima tumeikalia barua hii na kumtoa kijana wa watu jasho, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba watu wa ng'ambo ya mto wanaombana chumvi kwa lugha ile ile tunayoombana sisi. Nilijisikia mjinga, na nilifurahi kwamba sikuwa mjinga peke yangu.

Marta: Basi nisomee hiyo barua kwa lugha yetu. Nisikie nitakachosindikiza.

Profesa: Kutafsiri kutaondoa utamu wake, mama.

Marta: Uondoke. Soma, mwanangu.

Asajile akasimama. Safari hii hakuweka kifua mbele. Alisoma kwa Kinyakyusa, polepole, mimi nawapeni kwa Kiswahili.

Asajile: "Ingawa natoka mbali, nimelifikiria jambo hili mpaka mwisho."

Marta: Mbali wapi? Kutoka Ipyana hadi Karonga ni mbali? Mimi nimetoka Ikombe leo, nimelalamika? Endelea.

Asajile: "Mashine..."

Akakohoa.

Marta: Mashine?

Asajile: "Mashine... niliyo..."

Marta: Uliyo nini? Uliyoiba?

Asajile: "Mashine niliyoinunua, ingawa ni kazi ngumu, inanipatia ya kutosha."

Husseini alikuwa anamimina, akaendelea kumimina mpaka kahawa ikafurika kikombeni ikamwagikia kwenye kandambili zake, ndipo akashtuka. Bosi hakusogea. Alikuwa bado anatabasamu lile tabasamu la mwalimu, likawa linamtoka usoni kidogo kidogo.

Bosi: Mashine ipi?

Akamgeukia Profesa.

Bosi: Profesa. Boti maana yake nini?

Profesa: Inategemea na muktadha, Bosi.

Bosi: Kwenye muktadha wa mashine yangu.

Profesa: Maana yake... nilinunua.

Bosi: Yaani tangu saa nane nimekaa kwenye benchi langu, kibarazani kwangu, nanunua kahawa, nampigia makofi mtu anayenichukulia mashine? Tena namwambia apaze sauti?

Mahakama: Kisheria, Bosi, ulikuwa shahidi.

Bosi: Nyamaza, Mahakama!

Profesa: Mimi nilimpamba kidogo tu. Barua zote zinapambwa. Kwa Kiingereza hakuna ambaye angeumia.

Na hapo Profesa alisema kweli bila kukusudia. Kwa Kiingereza hakuna aliyeumia siku nzima. Mwenye mashine mwenyewe hakuumia.

Bosi akamgeukia Asajile, na mimi nikamhofia, kwa sababu kijana huyo hana kazi nyingine na mchumba mwenyewe alikuwa bado hajampata. Asajile hakukimbilia kwa Profesa. Alikunja karatasi.

Asajile: Profesa aliandika, lakini mimi nililijua hilo neno. Nililijua toka siku ya kwanza. Mzee alimuuliza Elizabeth, kijana ana nini. Elizabeth akasema ana mashine. Yeye alimaanisha naiendesha. Mzee akasikia ninayo. Mimi sikumsahihisha. Yule wa benki ana gari, Bosi. Mimi nina nini? Nampenda yule binti mpaka usiku silali, na niliogopa. Nisamehe.

 Bosi aliomba maji.

Marta: Mashine ni ya nani, mwanangu?

Asajile: Ya Bosi Ridhwani.

Marta: Basi kesho useme hivyo. Kwa sababu wakimkubali mwenye mashine, watakuwa wamemkubali Ridhwani. Na huyu, nasikia, ana nyumba mbili tayari.

Husseini akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

Asajile: Na wakinikataa, mama mdogo? Nikisema mimi ni mwendesha mashine ya mtu, wakanikataa, je?

Swali fupi, la watu wa kawaida. Nikangoja. Nilimngoja Profesa aseme kuna fomu ya kukata rufaa. Nilimngoja Mahakama alete mto na mpaka. Husseini akatikisa birika, likatoa sauti ya tupu, akaliweka chini.  Marta alimtazama mtoto wa dada yake, akamfuta tope kwenye mkono wa shati, basi.

Aliyejibu ni Bosi, naye alijibu kwa hasira.

Bosi: Ile mashine ufunguo anashika nani?

Asajile: Mimi.

Bosi: Miaka mingapi?

Asajile: Sita.

Bosi: Umewahi kunipunguzia debe?

Asajile: Hapana.

Bosi: Mimi mke wangu mkubwa sijamwachia ufunguo wa duka. Mdogo ndiyo kabisa. Hayo Profesa wako aliyaandika wapi? Ukurasa mzima wa thruu na tafu, na jambo lenyewe halimo!

Profesa: Hukuniambia, Bosi.

Bosi: Hukuniuliza! Kesho mashine imefungwa. Anayetaka kukoboa asubiri Jumatatu. Na wewe, huko ukweni, useme mwenye mashine ni mtu mkali, mbahili, ana benchi mbili na marafiki wajinga, na miaka sita ufunguo unalala kwako. Mtu wa benki anashika funguo za watu pia. Gari lenyewe sijui kama ni lake.

Asajile akashukuru. Alisema "ndaga fijo" mara mbili, ya pili haikusikika.

Marta: Sasa anza. Kama vile mimi ndiye baba wa binti.

Akavuta kitenge, akakaa wima kwenye benchi, akakunja uso wa mwalimu mkuu. Asajile akasimama mbele yake bila karatasi, mikono haijui pa kwenda. "Tata, mugonile," akaanza kwa salamu. Akasema jina lake, jina la marehemu baba yake na la mama yake, na kijiji. Akasema anakoboa mpunga kwenye mashine ya mtu, na ufunguo anakaa nao yeye. Halafu akasema jambo la Elizabeth, ambalo halikuwemo kabisa kwenye barua, na hilo siwapi, si langu. Alikwama mara tatu, akarudia. Profesa alifungua mdomo, Mahakama akainua kidole, Bosi akasogea mbele kwenye benchi, kwa mazoea tu. Hawakupata hata neno moja la kumsahihisha.